Kwa nini sikukubali "cheti kwa siku 3"

Mwenye hoteli mmoja wa huku Goma, kandoni mwa Ziwa Kivu, alinitumia kwa WhatsApp tangazo alilotaka kulibandika kuanzia mtaa wa Himbi hadi Birere. Kijana aliyelichora anaijua kazi yake. Maji ya buluu yanang'aa, dada mmoja aliyevaa miwani ya mbizi anatabasamu, nyuma yake volkano ya Nyiragongo inafuka moshi. Chini, kwa herufi nyekundu: "Kuwa mpiga mbizi kwa siku 3. Cheti cha kimataifa. Hata kama hujui kuogelea." Na chini zaidi, kwa herufi ndogo: "Jumamosi ziwani, Jumapili kwenye volkano." Jina langu lilikuwa limeshawekwa pembeni kama mwalimu.

Nikampigia simu palepale. Nilimwambia, mzee wangu, picha ni nzuri na bei sina neno nayo, ila hayo maandishi mekundu siwezi kuyabeba. Hakukasirika. Alinijibu kama mtu aliyekaa miaka mingi kwenye biashara na anayeujua mji wake: "Mwalimu, batu ya leo banapendaka vitu ya mbio. Tukiandika wiki mbili, hakuna mutu atakuya."

Sikuidharau hoja yake. Tangu Januari 2025 mji huu umepitia mengi. Wengi kati ya wafanyakazi wa mashirika, waliokuwa wateja wetu wakubwa, waliondoka, benki zikafungwa, na dola inayoingia hotelini kwake leo inaingia kwa jasho. Ana haki ya kutafuta wateja, na mimi pia watoto wangu wanakula kwa kazi hii. Tumebishana kwa wiki kadhaa, kwa simu na kwa chai, na mwishowe tumefika mahali. Nayaandika haya kwa sababu najua walimu wengine, wa mbizi na wa kuogelea, wanaletewa matangazo ya namna hiyo na hawana pa kuanzia kujibu.

Mimi ni mzaliwa wa Keshero, hapahapa Goma. Kuogelea nilijifunza kama watoto wote wa kwetu, tukiwa tumetumwa kuchota maji ziwani, bidoni ya njano, yaani dumu la plastiki, ikiwa imefungwa vizuri na kukumbatiwa kifuani. Mbizi ya mitungi ya hewa nilijifunzia Zanzibar, nilikokwenda kutafuta kazi ya kubeba mitungi na kuosha vifaa, nikapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi ualimu. Kule niliona shule mbili zenye nembo ileile mlangoni, na vitabu vilevile mezani, zikitoa wanafunzi wasiofanana hata kidogo. Ya kwanza mwanafunzi wake ukimwona majini unatulia. Ya pili unamfuata nyuma na mkono wako uko tayari. Tofauti haikuwa kwenye kiwango kilichoandikwa, maana kiwango kilikuwa kimoja. Tofauti ilikuwa kwenye ratiba ya boti na kwenye namna pesa ilivyopangwa.

Tuanze na kiwango chenyewe, yale masharti ya mashirika yanayotoa vyeti, kwa sababu wateja wengi hudhani ni siri ya walimu. Kozi ya kwanza kamili, ile inayomruhusu mtu kupiga mbizi na mwenzake bila mwalimu hadi mita 18, inadai kwamba uogelee mita 200 bila kusimama, au mita 300 ukiwa na miwani, mrija na mapezi, kisha uelee dakika 10 bila kushika kitu. Inadai mazoezi kwenye maji tulivu, halafu mbizi nne kwenye maji ya wazi, zisizozidi tatu kwa siku moja. Ukizipiga hesabu hizo, kweli zinaingia ndani ya siku tatu au nne, na mwenye hoteli alinionyesha hilo kwenye simu yake. Lakini kiwango hakihesabu siku kama lengo. Kinasema mwanafunzi afanye kila zoezi kwa utulivu, bila kuhangaika, na aweze kulirudia. Siku tatu ni za yule ambaye mwili wake umekubali haraka. Tangazo linachukua kasi ya mwanafunzi mwepesi kuliko wote na kuiuza kwa kila mtu.

Historia ya kazi hii inaonyesha kwamba mvutano huu haukuletwa na hoteli za Goma. Klabu ya mbizi ya Waingereza, BSAC, ilianza mwaka 1953. Shirikisho la mbizi la dunia, CMAS, lilianzishwa 1959, na rais wake wa kwanza alikuwa Jacques-Yves Cousteau, yule Mfaransa wa filamu za baharini. Huko ilikuwa mambo ya klabu: mnakutana bwawani jioni, mwalimu ni wa kujitolea, mwanafunzi anapanda polepole. Hata leo, aliyesoma kwa utaratibu wa Wafaransa na kupata ngazi ya kwanza, "niveau 1", anaruhusiwa mita 20 akiwa na kiongozi tu. Kisha mwaka 1966, huko Marekani, watu wawili wakaanzisha PADI, shirika la kufundisha mbizi na kutoa vyeti: John Cronin, aliyekuwa akiuza vifaa vya mbizi, na Ralph Erickson, mwalimu wa kuogelea. Muuzaji na mwalimu meza moja tangu siku ya kwanza. Kila ninapofikiria mabishano yangu na mzee wa hoteli nawakumbuka hao wawili.

Na kazi yao imesaidia sana. Bila wao mtoto wa Keshero asingekuwa na njia ya kuwa mwalimu wa mbizi. Klabu za zamani zilidai muda ambao mfanyakazi wa kawaida hana, na mazoezi yake mengi yalikuwa na harufu ya jeshi. Shule za biashara ziliigawa elimu katika hatua ndogo zinazoeleweka, zikatengeneza vitabu, zikapeleka walimu hadi vijiji vya wavuvi. Leo kuna hata viwango vya kimataifa vya ISO kwa wapiga mbizi na kwa walimu wao, ili cheti cha shirika hili kisomeke kwa shirika lile. Shida ni kwamba hatua ndogo, ikishatengwa, inauzika kama bidhaa. Mtu anamaliza kozi ya kwanza na mbizi nne, anaongeza kozi ya pili yenye mbizi tano, na kwa mbizi tisa maishani mwake ana karatasi ya kwenda mita 30. Kila hatua imefuata kanuni. Ukimtazama yeye mwenyewe, bado hajajua afanye nini maji yakichafuka.

Ngoja nieleze zoezi moja tu, kwa sababu ndipo ninapoona kila kitu.

Mwanafunzi anapiga magoti chini, kichwa kiko kama mita moja na nusu chini ya uso wa maji. Regileta, kile kifaa kinacholeta hewa kutoka mtungini, iko mdomoni, anapumua. Anatakiwa avute ukingo wa miwani kwa kidole, maji yaingie hadi yafunike macho na pua, kisha ainue uso kidogo, abonyeze sehemu ya juu ya miwani na kutoa hewa kwa pua mpaka maji yote yatoke. Ukiwa nchi kavu unaona ni jambo la mtoto. Lakini maji yakishagusa tundu za pua, mwili unapiga kelele: koo linafunga, kifua kinakaza, mkono unakwenda kwenye regileta kuitoa, miguu inatafuta kusimama. Nilikuwa na mwanafunzi muuguzi, mama mtu mzima, jasiri kazini kwake kuliko mimi. Kila maji yalipofika puani alisimama. Nikamrudisha kwenye beseni la plastiki uani, uso ndani ya maji, anapumua kwa mrija bila miwani kabisa, akihesabu pumzi. Asubuhi nyingine tena beseni. Halafu ziwani maji yakiwa kifuani, nimemshika mkono. Ilifika siku akaijaza miwani yote, akaniangalia kupitia maji macho wazi, akatulia hivyo kwa pumzi kadhaa kabla ya kuitoa. Yule sasa naweza kwenda naye chini.

Kwa hesabu ya tangazo, huyo mama angekuwa ameshapewa cheti mapema kabla ya hapo, kwa sababu alishawahi kulifanya zoezi mara moja kwa kubahatisha. Mwalimu mwenye boti inayosubiri anaweka alama ya vema na kusonga mbele. Kwenye fomu, vema ya kubahatisha na vema ya utulivu zinafanana kabisa.

Kwa nini ninashikilia kitu kidogo namna hiyo? Kwa sababu mita 12 chini, pezi la mwenzako likikupiga usoni na miwani ikatoka, hakuna pa kusimama. Mtu ambaye koo lake bado linafunga maji yakigusa pua atashika pumzi na kupanda mbio. Hewa aliyoivuta chini imebanwa na uzito wa maji, na akipanda inatanuka. Akiwa ameibana kifuani, inatafuta njia kupitia mapafu yenyewe, na kwa mapafu yaliyojaa, hata kupanda mita moja na kitu kunatosha kuyapasua. Vitabu vya pwani vinasema ukitoka mita 10 hadi juu hewa inatanuka mara mbili. Hapa kwetu inatanuka mara mbili kutoka kina kisichofika hata mita 9.

Hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo tangazo lolote la mbizi mjini Goma linapaswa kulibeba, na sijaona hata moja linalolibeba. Uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayotukandamiza ni kama asilimia 84 ya ile ya Mombasa. Viwango vyenyewe vinasema kuanzia mita 300 tu hiyo ni mbizi ya nyanda za juu, na hesabu zake zinabadilika. Mita 18 za hapa, kwa upande wa naitrojeni inayobaki mwilini (ile gesi ya hewani ambayo ukipanda haraka inafanya mapovu mwilini), zinahesabiwa kama mita 21 hivi za baharini. Unapanda polepole zaidi. Kipimo cha kina cha zamani, kile cha mshale, kinakudanganya, kinaonyesha uko juu kuliko ulipo. Mgeni aliyetoka pwani kwa ndege na kuja kwetu moja kwa moja bado amebeba mwilini naitrojeni ya pwani, kwa hiyo namwambia apumzike kwanza. Uzito wa madini ya risasi unaofungwa kiunoni ili kuzama nao unapungua, kwa kuwa maji ya ziwa hayana chumvi, na aliyezoea bahari akivaa uzito uleule anazama kama jiwe. Yote haya yanafundishika, na hayana ugumu wa ajabu. Ila yanakula muda.

Kisha kuna hewa yenyewe. Kila mwenyeji wa Goma anajua mazuku, ile kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kulala kwenye mabonde na mashimo ya lava, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia. Imeua mbuzi, imeua watoto, imeua watu wazima walioingia shimoni bila kujua. Sasa fikiria kompresa ya kujazia mitungi imewekwa uani, mahali pa chini, nyuma ya ukuta, asubuhi na mapema, na kando yake jenereta inanguruma kwa kuwa umeme umekatika. Bomba lake linavuta hewa ileile ya chini. Wapo wanaopima mazuku kwa mshumaa: ukizimika, kimbia. Kwa kujaza mitungi mshumaa haufai. Hewa yenye asilimia 3 ya kaboni dioksidi mshumaa unaendelea kuwaka vizuri, nawe ukiivuta juu utahisi tu kuhema kidogo. Ipeleke mita 18, ambako presha ni zaidi ya mara tatu ya ile ya juu, inamfikia mtu kama asilimia 9 na zaidi, na hiyo inaweza kumzimisha. Moshi wa jenereta ni vilevile, tena wenyewe una kaboni monoksidi, gesi isiyonuka wala kuonekana.

Kwa hiyo mdomo wa bomba letu la kuvuta hewa nimeufunga juu ya mti, juu kuliko paa, upande upepo unakotoka. Jenereta iko upande wa pili wa nyumba. Tunajaza mchana upepo ukiwa unavuma, na kila mtungi unapimwa kwa kifaa cha gesi kabla ya kuandikwa jina la mtu. Mzee wa hoteli aliponiuliza kwa nini kujaza mitungi michache kunachukua mchana mzima, nilimpandisha juu ya paa nikamwonyesha. Tangu siku hiyo swali la muda wa kujaza halijarudi. Nadhani angekuwa na picha ya bomba lile kwenye tangazo angeuza zaidi kuliko kwa tabasamu la yule dada, na nimemwambia hivyo.

Watu huniuliza kuhusu gesi ya ziwani. Methani na kaboni dioksidi nyingi za Kivu zimefungiwa chini sana. Mitambo ya umeme wa gesi ya KivuWatt upande wa Rwanda huvuta maji yake kutoka mita 350 hivi. Kwa mpiga mbizi wa mita 18 kwenye ziwa kubwa, gesi hiyo haiko njiani. Ila ghuba ya Kabuno ni habari nyingine. Kule maji yasiyo na oksijeni, yaliyojaa kaboni dioksidi, yanaanzia karibu mita 11, na mimi sipeleki mwanafunzi huko hata kama mandhari yake yanapendeza kwenye picha.

Sasa ile "Jumamosi ziwani, Jumapili kwenye volkano." Hapa mzee alinisikiliza kwa makini kuliko mahali pengine pote, kwa sababu alikuwa hajawahi kuambiwa. Mtu akishapiga mbizi, naitrojeni inabaki mwilini na kutoka taratibu. Ndiyo maana anashauriwa asipande ndege kabla hazijapita saa 12 baada ya mbizi moja, au saa 18 kama amepiga mbizi kadhaa. Na ndani ya ndege ya abiria presha inatunzwa kama ya mlima wa mita 2,400 au chini ya hapo. Kilele cha Nyiragongo ni mita 3,470. Kumtoa mtu ziwani jioni na kumpandisha mlima asubuhi ni kumpandisha juu kuliko ndege, tena akitoa jasho na kuhema. Hata barabara ya Rubavu, ng'ambo ya mpaka, kwenda Kigali inapita mita 2,000, kwa hiyo mgeni anayepiga mbizi mchana na kuwahi gari jioni namkatalia pia.

Je, tulilazimika kuitupa biashara ya wikendi mbili-kwa-moja? Hapana. Tuliigeuza. Siku ambazo mlima uko wazi kwa watalii, mgeni atapanda kwanza, atashuka, atalala, atakula sambaza zake, vile visamaki vya ziwani, na ziwa litafuata baada ya mapumziko. Bei ni ileile na picha ni ileile, mpangilio tu ndio umebadilika. Nimeligundua hili mara nyingi: anayesimamia mauzo hana nia mbaya, ila hakuna aliyekaa naye kumweleza ni sehemu gani ya bidhaa inaweza kusogezwa na ni ipi haisogei.

"Hata kama hujui kuogelea" ndilo lililoniuma zaidi. Tuko mji ulio juu ya ziwa na watu wetu wengi hawajui kuogelea. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku hapa Goma, imekaribia kufika, watu wanaitazama wakiwa nchi kavu. Sitaki kuitumia misiba ya wenzangu kufanyia biashara, na sitaandika zaidi ya hapo. Ila mtu akiniambia niweke jina langu kwenye tangazo linalosema katika mji huu kwamba kutojua kuogelea si kitu, siwezi. Mitungi, regileta na jaketi la kuelea ni vyuma na mpira. Vikikataa kufanya kazi, kinachobaki ni mtu na maji.

Na tena, hapo ndipo kuna soko ambalo mzee hakuliona. Kwa kila mmoja anayetaka mbizi, kuna wengi wanaotaka tu kuacha kuogopa maji: akina mama wa Keshero, vijana wa boti, wazazi wanaotaka watoto wao waogelee bila bidoni. Kuogelea hakuhitaji kompresa wala mafuta ya jenereta. Nimempendekezea hoteli ianze na darasa la kuogelea la asubuhi, bei ndogo, na anayetaka mbizi apitie hapo. Ataliona hilo kwenye daftari lake la mapato kabla ya mimi kumwambia.

Nirudi kwenye pesa, kwa kuwa ndicho kiini cha yote niliyojifunza Zanzibar. Shule nyingi huuza kozi kwa bei moja: lipa leo, cheti mwisho wa wiki. Mwanafunzi anahesabu kwamba ameshanunua kadi, na siku ya mwisho anauliza iko wapi. Mwalimu naye anajua kila asubuhi ya ziada inamla yeye mwenyewe mafuta na muda. Wote wawili, bila mmoja wao kuwa mtu mbaya, wanasukumwa upande mmoja. Mimi nimetenganisha. Mwanafunzi analipa kila somo peke yake, na malipo ya cheti yanakuja mwisho kabisa, siku nimeridhika na yeye ameridhika. Akiacha katikati, hana deni wala mimi sina. Nikimwambia bado, hajapoteza kitu alichodhani ni chake.

Mwalimu mwenzangu mmoja, ninayemheshimu, alinipinga. Alisema mpango huo unamfanya mwalimu amcheleweshe mwanafunzi makusudi ili aendelee kula masomo. Ana hoja. Nimeweka kikomo: yakifika masomo tuliyokubaliana na mwanafunzi bado, yanayofuata analipia hewa ya mtungi tu, kazi yangu ni bure. Hapo mimi sina faida ya kumchelewesha, na sina faida ya kumharakisha. Kwenye boti nachukua wanafunzi wawili, mara chache watatu. Kiwango kinaruhusu hadi wanane kwa mwalimu mmoja, lakini siku ziwa likichafuka baada ya mvua huwezi kuona wanane. Hii inapandisha bei, nami nalisema wazi kabla mtu hajauliza.

Kwa wale wanaopenda vitu vya mbio, mzee na mimi tumepata jibu ambalo halikuvunja chochote. Viwango vina kitu kinaitwa mbizi ya kujaribu: mtu anaelezwa misingi, anafanya mazoezi machache maji yakiwa kifuani, kisha anashuka na mwalimu aliye karibu yake muda wote. Mwisho ni mita 12; mimi hapa naishia mita 6. Hapati cheti wala haruhusiwi kurudi peke yake. Anapata saa nzima ya furaha, na picha ya kumtumia mama yake. Hiyo inauzika kwa asubuhi moja, na ni kweli tupu. Asilimia kubwa ya watu waliokuwa wanauliza "siku 3" walikuwa wanataka hicho hasa. Walikuwa hawajui kama kipo.

Tangazo jipya limeshachapishwa. Herufi nyekundu sasa zinasema: "Jaribu mbizi asubuhi moja. Jifunze kuogelea. Cheti ukifikia kiwango." Mzee bado anaona mstari wa tatu unatisha na alitaka uwe mdogo, tumekubaliana uwe sawa na mingine kwa miezi ya kiangazi, tuone watu wanasemaje. Volkano imebaki kwenye picha kwa sababu ni nzuri na ni yetu.

Anayetaka kuanza apite mapokezi ya hoteli asubuhi, siku za kazi. Atapewa kwanza fomu ya afya: pumu, moyo, kifafa, mimba, upasuaji wa karibuni, dawa anazomeza. Akijibu "ndiyo" kwenye swali linalohitaji daktari, ataenda kwa daktari wake na kurudi na karatasi. Baada ya hapo tunashuka ziwani, anaogelea mbele yangu kadiri anavyoweza, nami namwambia aanzie darasa gani. Pesa inapokelewa baada ya hayo mawili, na mhudumu wa mapokezi ameelekezwa asiipokee kabla.